Munganga ya Batu Bazima

Butembo, Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama,

Nimemwambia Baba Mdogo hapana. Nilisema nikiwa nimesimama, ukoo mzima umekaa. Kwa hiyo duka lako la bidoni limekwenda. Funguo ziko kwake, na kuanzia wiki ijayo atauza humo mtu mwingine. Nimeona nikuambie hilo kwanza, usije ukalisikia kwa njia nyingine, maana wewe habari za soko zilikuwa zinakufikia hata ukiwa umelala.

Unajua tabia yangu. Kila siku naandika tarehe, mvua au jua, na jambo moja lililotokea. Ulikuwa ukipita nyuma yangu na sahani mkononi ukisema, "Masika, we ni bureau ya serikali?" Sijaacha. Lakini ninayotaka kusema leo sitaki kuyaandika kwa ajili yangu mwenyewe. Nimekaa kwenye kiti chako kile kifupi, ukungu bado uko mlimani, na nitakueleza kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Mwanzo ni siku niliporudi nyumbani na habari kwamba shule ya juu imenipokea. Ulikuwa unasugua bidoni zako, madumu yaliyokuwa na mafuta ya kupikia, mikono imejaa mchanga na maji moto. Ukauliza, "Bamekupokea?" Nikasema ndiyo. "Mu kazi ya munganga?" Nikasema ndiyo, lakini si ya kutibu wagonjwa. Santé publique, Mama. Afya ya watu wote, kabla hawajaugua. Kwako wote walikuwa munganga: daktari, muuguzi, hata yule anayefagia kituo cha afya, mradi avae koti la hospitali, ile blouse nyeupe. Ulikaa na bidoni mapajani ukafikiri. Kisha ukasema, "Donc, utakuwa munganga ya batu bazima."

Walimu wetu hutumia asubuhi nzima kueleza jambo hilo, na hawalielezi vizuri hivyo. Tatizo ni kwamba ulilipeleka sokoni. Kesho yake soko lote lilijua kwamba binti wa mwenye bidoni anasomea uganga wa watu wazima, na watu wazima wakaja. Alikuja mzee mwenye magoti. Alikuja bibi mwenye macho. Alikuja fundi cherehani jirani yako, akaniita pembeni ya mlango, akaanza kuniuliza kwa sauti ya chini mambo ambayo mwanamume hamwambii msichana, mpaka nikamkatiza: "Papa, nasomea batu bazima, ni kusema bale hawana ugonjwa." Akanitazama kwa huzuni. "Basi miye niko nini, mwana?"

Wewe ulikuwa nyuma ya rundo la bidoni, kitenge mdomoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Na hata baada ya kuelewa kosa hukulirekebisha. Uliendelea kusema vilevile kwa kila mteja, nadhani kwa sababu ulitaka kuona nani mwingine atakuja.

Halafu tension, presha ya damu, ikakuchukua.

Asubuhi ulifungua duka. Kabla ya adhuhuri ulikuwa huwezi kusema. Nilikushika kichwa, ulikuwa unanitazama, na mimi... Kituo cha afya hakikuwa na dawa, barabara ilikuwa imefungwa tangu mapigano. Sijui kama dawa ingesaidia. Nimelifikiria kwa muda mrefu, Mama, na sasa naweza kuliandika bila kulia: ugonjwa ule haukuanza asubuhi ile. Ulianza miaka mingi nyuma, kimya, wakati ulipokuwa unabeba bidoni na kucheka, wakati kila mtu aliyekuona alisema huyu ni mzima. Hapo ndipo mtu alipaswa kuja kukupima. Hakukuwa na mtu wa kazi hiyo.

Kwenye matanga wanawake waliokuwa wanapika nyuma ya nyumba hawakujua niko karibu. Mmoja alisema, "Anasoma bunganga, na mama yake amemufia mu mikono." Mwingine akajibu, "Ule anasoma ya batu bazima. Ya bagonjwa hajafika." Walisema bila ubaya. Lakini maneno hayo yalinifuata mpaka siku ya kumaliza matanga, na siku hiyo Baba Mdogo akayapa miguu.

Unamjua mdogo wa mume wako. Tangu Baba alipofia huko Manguredjipa, ndiye amesimama mahali pake. Shule yangu ya sekondari ni yeye, na mwaka wa kwanza wa shule ya juu ni yeye pia. Alisubiri watu wamalize kula, akasafisha koo kama anavyofanya akitaka kupanga bei ya kahawa. "Masika. Mutu anaita munganga juu anaumwa. Ule haumwi anaita nani?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, maana swali lilikuwa zuri. Kisha akaweka mambo mezani. Nikihamia sekisheni ya uuguzi, ataendelea kunisomesha, na duka lako atanishikia mpaka nimalize. "Vita iko. Muuguzi iko na sindano yake. Hata nyumbani batu batakuja, na kuku mu mkono." Nikibaki huko niliko, basi nibaki peke yangu, na duka atampa mtu atakayeuza kweli. Nilikuwa naenda Beni kwa staji, mazoezi ya kazi. Jibu alilitaka nikirudi.

Hakunitishia. Alikuwa ameona miji miwili mitatu ikiporwa, akataka mtoto wa kaka yake awe na kitu mkononi ambacho askari hawezi kukipakia kwenye gari. Namwelewa hata leo.

Njiani kuelekea Beni kulikuwa na vizuizi kama kawaida. Kwenye kimoja askari mmoja, mtu wa mbali, wa Lingala, alisoma kitambulisho changu cha shule akafurahi. Munganga. Akashika tumbo lake, akasema, "Pesa ngai nkisi ya libumu." Nikamjibu sina dawa ya tumbo wala ya kitu chochote, nafundisha watu wasiugue. Akawaita wenzake waje kumwona munganga asiye na dawa. Walikuja kweli, wakanizunguka kama watu wanaotazama mbuzi wa miguu mitatu. Nilimwambia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na tumbo litatulia. Akaitazama mikono yake, pande zote mbili, kisha akashusha kamba tukapita.

Beni ilikuwa imejaa, Mama. Watu waliokimbia kutoka upande wa Ituri walikuwa wamelala kwenye uwanja wa shule, kwenye madarasa, chini ya maturubai mpaka kwenye michikichi. Maji yao yote yalitoka kwenye chemchemi moja chini ya uwanja, na chini zaidi kulikuwa na kijito. Kuhara kulikuwa kumeshaanza, kule kwa maji meupe kama ya kuoshea mchele, kunakomaliza mtoto kabla ya jua kuzama.

Msimamizi wetu alikuwa mtu wa Bandundu, mfanyakazi wa serikali aliyeletwa huku kabla ya vita na kusahauliwa hapa. Mshahara hauji, lakini tai anavaa. Alinipa kazi siku ya kwanza. Kloro ilikuwa imefika kwa ndege ndogo pale uwanja wa ndege wa Rughenda na kupandishwa lori mpaka Beni. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye chemchemi na bomba la sindano, lile la plastiki, bila sindano yenyewe. Kila mwanamke akijaza bidoni, navuta kloro kidogo kwenye ndoo, naimimina ndani kabla hajafunga kifuniko. Basi. Mtoto wa shule ya msingi angeweza kuifanya.

Nilivaa blouse nyeupe, nikasimama, na mwanamke wa kwanza alipouliza ni nini ile, nikamjibu kwa ukweli: "Tunatia dawa mu mayi."

Wewe ungeniziba mdomo, Mama. Wewe ungejua. Watu wamekimbia panga na moto, wamepoteza ndugu njiani, hawajui nani wa nani, halafu msichana wasiyemjua anawaambia kwamba anatia dawa kwenye maji yao. Kwetu mtu akisema fulani alitiliwa dawa kwenye kinywaji, nani anafikiri habari ya kupona? Mwanamke yule akainamisha bidoni yake taratibu akamwaga yote miguuni pangu.

Aliyefuata alikuwa Mama Furaha. Mwanamke mfupi, mwenye mabega kama yako, na wenzake walimsikiliza. Alitazama bomba mkononi mwangu. "We mutoto," alisema, "mayi inagonjwa nini, mpaka munaipiga sindano?"

Mstari ulicheka. Nikaanza kueleza habari ya vijidudu visivyoonekana. Akanikata. "Batu bale bako mu hema banakufa, haubapigi sindano. Mayi iko inatembea yenyewe, inapanda, inashuka, ndiyo unapiga." Na akageuka, akashuka kwenye kijito na bidoni yake, na wengine wakamfuata wote, mbele ya macho yangu, kwenda kuchota maji ambayo watu walikuwa wanafulia nguo za wagonjwa upande wa juu.

Walishuka siku hiyo na siku iliyofuata. Nilibaki na bomba langu kama mlinzi wa nyumba isiyo na watu. Na kulikuwa na mtoto, Mama. Sikujua jina lake. Mama yake alikuwa mmoja wa wale waliomwaga. Nilisaidia kubeba mkeka. Ulikuwa mwepesi, sitaki kusema zaidi.

Ndipo nikakukumbuka wewe unavyopokea wageni. Nyumbani kwetu hakuna mgeni aliyewahi kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kabla yako. Ulimimina, ukaonja mwenyewe mbele yake, ukafuta ukingo wa kikombe kwa kidole, ndipo ukampa. Hata padri. Hata Baba Mdogo, ndugu wa damu. Nikasema, kumbe jambo lenyewe ni rahisi. Kesho yake nilishuka mpaka kwa akina Mama Furaha, nikawaomba waje kunitazama tu. Walikuja, kwa udadisi. Nikajaza bidoni, nikatia kloro, nikamimina kikombe nikanywa chote. Mama Furaha akasema, "Ile ni ya kwako. Onja ya kwangu." Nikatia kwenye yake, nikanywa. "Na ya huyu." Nikanywa. Sikumbuki nilionja bidoni ngapi. Tumbo lilikuwa linacheza kama ngoma, na wanawake walikuwa wameanza kutabasamu, na mimi nilijisikia nimeshinda.

Kabla ya asubuhi nilikuwa chooni.

Siku nzima, Mama. Nilitoka, nikarudi, nikatoka. Choo cha uwanja wa shule kiko mahali ambapo kila mtu anaona nani anakimbia. Mama Furaha alisimama na mikono kiunoni akatangaza kwa uwanja wote: "Munaona? Mayi ya munganga imepiga munganga."

Msimamizi alikuja na maji ya chumvi na sukari. Hakunipa pole. "Mademoiselle, ulitia kloro, halafu?" Nikasema nilikunywa. "Saa ile ile?" Saa ile ile. Akavua miwani. Ndipo nikaelewa, na aibu ikanishika kuliko tumbo. Kloro inahitaji kuachwa, karibu nusu saa, ndipo ifanye kazi yake. Nililijua hilo. Nililijibu kwenye mtihani, na nikapata. Lakini anayeonja kwa ajili ya mgeni huonja papo hapo, hasubiri, vinginevyo mgeni atadhani anaogopa. Nilifuata adabu yetu nikasahau somo. Nilikunywa maji mabichi yenye harufu ya kloro. "Wewe ulikuwa na haraka," alisema Msimamizi. "Kloro haina haraka. Na mimi niandike nini kwenye rapport? Kwamba stagiaire alilewa maji?"

Nilipopata nguvu ya kusimama nilirudi kwa wanawake. Sikupeleka maelezo mengine. Niliwaambia kwamba walikuwa na haki: maji yale yalinipiga kweli, kwa sababu niliyanywa kabla hayajawa tayari. Mama Furaha alikunja uso. "Tayari namna gani? Ni majani ya sombe mu chungu?"

"Ni mgonjwa," nilimjibu. "Wewe mwenyewe uliuliza mayi inagonjwa nini. Inagonjwa. Na mgonjwa akipigwa sindano, anaamka na kulima saa ile ile?"

Akafikiri. "Hapana. Analala kwanza."

"Basi."

Mmoja nyuma akasema, "Donc mayi inalala." Mwingine akasema, "Na ikiamka inaomba kula?" Wakaanza kucheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Tukakaa chini kwenye nyasi, bidoni katikati yetu kama mgonjwa kweli, na tukaisubiri. Kusubiri ndiko kulikofanya kazi, naamini hivyo. Watu hawakai nusu saa pamoja bila kuzungumza. Nilijua nani ametoka kijiji gani, nani amemwacha nani njiani. Mama Furaha aliweka pua yake kwenye mdomo wa bidoni. "Hii ni javel," alisema. "Hii inanuka mashuka ya maternité." Nikasema ni ndugu wa javel, ile ya kung'arishia mashuka ya wodi ya wazazi, ndiyo. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa muda wake. "Sasa juu ya nini haukusema unafua mayi? Ulisema dawa, dawa. Nani anataka dawa?"

Tangu hapo sikulitaja neno hilo tena. Tulikuwa tunafua maji. Muda ulipotimia nilikunywa kwanza, nikafuta ukingo kwa kidole kama wewe, nikampa. Alikunywa nusu, nusu akampa mwanawe Furaha. Na kesho yake, Mama, nilikaa siku nzima kwenye jiwe mbele ya choo bila kuingia, wote wanione. Walipita wakiniuliza, "Munganga, iko namna gani?" Nikajibu, "Iko kimya." Hiyo ndiyo iliyokuwa kampeni yangu. Hakuna kitabu chochote cha shule yetu kitakachoiandika.

Wengine walikataa mpaka mwisho. Wengine walishuka kwenye kijito kwa siri, niliwaona. Lakini mstari wa chemchemi ulirudi, na baadaye Mama Furaha alinipokonya bomba akasema mkono wangu unachelewa, akawa anafua yeye, na kumgombeza kila aliyeondoka bila kusubiri. Hema la wagonjwa lilianza kuwa na mikeka mitupu. Siwezi kukuapia kwamba ni kwa sababu yetu tu. Mvua ilipungua pia, na watu wengine walihama. Nimefundishwa nisiseme nisichoweza kuonyesha. Lakini nilitembea kati ya maturubai asubuhi nikasikia watoto wanapigana kwa ajili ya mpira wa majani ya ndizi, na nilijua kila mmoja wao alikuwa mtu ambaye hakuniita, hakuumwa, hakujua jina langu. Nilijisikia vizuri sana, Mama. Sikuwahi kujisikia hivyo kwa kitu nilichokifanya mwenyewe.

Sasa sikia mkosi. Baba Mdogo alikuja Beni kwa biashara yake ya kahawa, akapita uwanjani kuniona. Alinikuta nimempokea Mama Furaha zamu kwenye chemchemi, blouse nyeupe, bomba la sindano mkononi, mstari wa wanawake mbele yangu. Mstari ulikuwa mrefu, hakutaka kuupita. Alisimama ng'ambo, akaniinulia kofia, akatabasamu meno yote, akaenda. Nami nikafurahi, nikadhani ameona na ameelewa. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwenye fonia, simu ya redio, akaita Butembo, na unajua fonia ya pale, anayesema anapiga kelele na chumba kizima kinasikia: "Masika amekubali. Nimemwona na macho yangu. Iko na sindano."

Niliporudi hapa wanawake wa soko walinipongeza njia nzima. Fundi cherehani alitoka nje ya mlango wake. "Sasa ndiyo unatibu. Goti langu utaliangalia?" Nilifika nyumbani nikakuta soda imenunuliwa.

Kwa hiyo hapana yangu haikuwa hapana ya kawaida. Ilibidi kwanza niwanyang'anye furaha. Nilisimama nikasema, "Baba Mdogo, nashukuru. Lakini sindano uliyoona haikuwa ya mutu. Ilikuwa ya mayi."

Akauliza polepole, "Ya mayi?"

"Ya mayi."

Shangazi alianza kucheka akajizuia. Baba Mdogo hakucheka. Nilimweleza yote, chemchemi, kijito, mkeka, choo pia, sikuficha choo. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Na ukimaliza kupiga mayi sindano, mayi itakulipa?"

Nikamwambia nimeshafikiria. Msimamizi amenitafutia kazi ya likizo uwanjani pale, kuwafundisha wengine kufua maji na kuchimba vyoo, na masista wamenipa kitanda. Haitatosha kila kitu. Nitamaliza kwa kuchelewa labda, lakini nitamaliza. Nikamwambia kwamba machoni pa watu wewe hukuwa mgonjwa mpaka asubuhi ile, kila mtu alikuona mzima, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekwenda kwako. Nataka kuwa yule anayekwenda. Muuguzi ni kazi nzuri, naiheshimu, waendelee kuisoma wanaoipenda. Mimi sihami.

Hakupiga meza. Alinyoosha mkono, kiganja juu, akasubiri. Nilitoa funguo za duka kwenye kitenge nikaziweka hapo.

Nilikuwa jasiri mpaka nilipofunguliwa duka nitoe vitu vyako. Mchanga wa kusugulia bado uko kwenye kopo. Harufu ya mafuta bado iko ukutani. Nilikaa humo kidogo, mlango umefungwa... basi. Nimechukua kiti hiki na kikombe chako. Bidoni zilizobaki nimemwachia. Nisamehe kama ulitaka liwe letu daima. Sidhani ulitaka. Duka hilo lilinilisha na kunivika nikiwa shuleni, na naona hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Leo, baada ya misa, Baba Mdogo alinisubiri nje ya kanisa. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile. Alikuwa ameshika kofia mkononi, anatazama barabara, sio mimi. Akasema kuna lori la rafiki yake linaondoka kesho kwenda Beni na chumvi. Nikasema nimesikia, nitapanda juu na wengine. Akatikisa kichwa. "Hapana. Nimesema na chauffeur. Utakaa mbele, mu cabine. Kule juu iko baridi."

Hakusema ndiyo. Alivaa kofia akaenda. Nilisimama pale na wimbo wa kutokea bado unaimbwa ndani, nikajua kwamba siku moja atasema.

Kwa hiyo naondoka kesho, Mama. Sitakuja kila Jumapili kama nikiwa hapa Butembo, usinisubiri pale makaburini. Pumzika vizuri. Nakuahidi nitamaliza shule, na nikimaliza nitakuja kwako kwa miguu yangu nikuambie kwa mdomo, kabla ya mtu mwingine yeyote kujua. Hata kabla ya Baba Mdogo. Yeye ana fonia.

Mwanao,
Masika